Atakayebaki Mteremkoni

Nambis, Mbulu
9 Juni 2024

Mdogo wangu Judica,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo, ni baridi tu inatutafuna. Najua utajiuliza, huyu dada ana simu ndani ya nyumba, barua ya nini tena? Simu ni ya Baba Vicent, na tangu Pasaka imeharibika, haiongei sikioni, inaongea kwa sauti ya nje tu. Ukisema habari za asubuhi inakuitikia nyumba nzima, na jirani akiwepo naye anaitikia. Hili ninalotaka kukuambia si la nyumba nzima. Nimempa Gervasi, yule anayenunua vitunguu saumu huku na kuvipeleka mnadani Katesh. Ni mtu mwema ila ana mdomo, kwa hiyo bahasha nimeibandika kwa ugali. Ukikuta imefunguka, niambie.

Judica, nina mimba.

Kaa chini kwanza. Ina miezi minne. Nilidhani ni umri umefika, hata nikafurahi, kumbe sivyo. Miaka arobaini na minne, bibi wa wajukuu, naanza kutamani udongo kama binti. Na mkwe wangu Doris, mke wa Felician, yumo humu humu uani mwaka wa tatu na hajabeba hata mara moja. Mama mkwe ana tumbo na mkwe hana, unawajua watu wa huku. Lakini kusemwa nimezoea. Kinachoninyima usingizi ni shamba.

Tangu mvua za mwaka jana zilipochimba makorongo kwenye mteremko wetu, kijiji kimepitisha mpango wa ardhi. Hakuna kukata shamba chini ya ekari mbili, na hakuna nyumba mpya mteremkoni. Sisi tuna ekari mbili na kipande. Maana yake anabaki mmoja. Mwezi wa nane kila baba atasimama kwenye mkutano amtaje atakayebaki. Kwetu hilo halina ubishi, nyumba ya wazazi ni ya kitinda mimba wa kiume, wakubwa wanatoka kwenda kujitafutia. Baba Vicent mwenyewe alilipata hivyo kwa baba yake, na Vicent na Nikolausi waliondoka hivyo bila kugombana na mtu. Wa mwisho ni Felician. Zile kingo zote za mawe za kuzuia udongo, pale unapopakumbuka kuwa kichaka, kazijenga yeye. Sasa kama nilichonacho tumboni ni mvulana, Felician si wa mwisho tena.

Nilimtega baba yao, nikamuuliza kama vile nazungumzia nyumba ya watu wengine. Akasema nyumba yenye mimba haitaji jina la mtu mpaka mtoto atoke aonekane. Nikamwambia si wangemtaja tu huyo aliyepo. Akasema akimruka wa mwisho, basi na wakubwa watarudi kuuliza kwa nini si wao, na hapo patachimbika. 

Nitaificha mpaka mkutano upite. Baridi inanisaidia, huku kila mtu kajifunga blanketi. Nitumie lile sweta lako kubwa la kijani. Na usimwambie mtu.

Dada yako,
Getruda


Katesh, Hanang
23 Juni 2024

Dada Getruda,

Shikamoo. Bahasha ilifika imefungwa, Gervasi msamehe.

Barua yako nimeisoma nyuma ya gari la mradi kule Balangdalalu, kipaza sauti mkononi, wanawake wamekaa kwenye nyasi wananisubiri niwaambie kwamba familia ndogo ndiyo ulinzi wa ardhi. Unaona ulichonifanyia? Nilipanda pale mbele nikasahau hata kusalimia. Tangu mlima ulipotushukia na tope lake Desemba, kazi yetu ni mbili: kusimika vigingi vyekundu pale pasipojengwa tena, na kuzungumza habari za uzazi wa mpango, kwa sababu watu, ardhi na mvua siku hizi vinazungumzwa pamoja. Na ninayaamini ninayoyasema, dada, si kwa ajili ya mshahara. Nilikuwepo Jorodom asubuhi ile. Hadi leo mvua ikigonga bati mimi navaa viatu.

Na wewe, dada yangu wa damu, umenificha miezi minne.

Nisikilize. Ulipomzaa Zita ulitoka damu mpaka Baba Vicent akamfuata padri badala ya daktari. Huyu atakuja na umri juu yake. Mambo ya nani atabaki mteremkoni yatajadiliwa na walio hai. Nenda kliniki. Kule hawaulizi habari za urithi, wanapima damu na presha, basi.

Sweta hilo hapo. Limelegea kiunoni, litakutosha mpaka mimba ifike miezi saba, baada ya hapo hata blanketi litasema. Nitakaa kimya kwa sababu umeniomba, lakini sipendi, na nikiona mambo yanaharibika sitakaa kimya.

Mdogo wako,
Judica


Nambis
21 Julai 2024

Judica,

Marahaba. Sweta limefika, nimelivaa, Zita anasema nimefanana na padri wa zamani.

Mambo yamegeuka. Mkutano wa ardhi umeahirishwa mpaka baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Mwenyekiti anasema hawezi kuwakasirisha watu kabla hawajampigia kura. Huo uchaguzi ni Novemba. Mimi Novemba nitakuwa nimeshajifungua, na mtu mwenyewe analia ndani. Sijui nifanye nini. Nikikaa naona bora nisimame, nikisimama naona bora nilale. Namhimiza Felician amalize kingo za upande wa mtoni, nadhani kwamba zikiisha baba yake ataona aibu kumtoa. Anafanya kazi, masikini, anaimba.

Sasa na mimi nikuulize wewe wa kipaza sauti. Mnasema tumekuwa wengi. Ni kweli, sikatai, macho ninayo. Bibi yetu alikuwa haoni moshi wa jirani, mimi nasikia jirani akikohoa. Lakini niliozaa wameshazaliwa. Vicent huyo, Nikolausi huyo, Felician, mabinti, Zita. Nipange hapa mstari uniambie nimpunguze yupi. Na zamani mteremko ukijaa, watu walishuka Hanang wakafungua mashamba, hakuna aliyewauliza. Leo huku mmetuwekea sheria, na huko chini nasikia ndiyo wewe unayesimika vigingi. Waende wapi?

Kliniki nitakwenda. Nimeona damu kidogo juzi, si ya kutisha, imekuja ikakata. Usianze.

Getruda


Nambis
11 Agosti 2024

Judica,

Leo sikusalimii.

Umepiga simu tukiwa tunakula. Baba Vicent alipokea akaiweka kwenye stuli katikati yetu kama kawaida, na wewe, ambaye nilikueleza habari ya simu hii kwa mkono wangu, hukuuliza hata nani yupo. Ukasema, "Dada, ile damu imekata? Mimba ya miezi sita si ya kuchezea."

 Doris aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa bado visafi. Felician aliniangalia, si usoni, aliangalia sweta. Akasema, "Ndiyo maana ulikuwa unanihimiza nimalize kingo." Kwa sauti ya kawaida tu. Nilitamani angenifokea.

Asubuhi hayupo. Kachukua jembe na koti. Doris anasema hakuagwa, na kusema zaidi ya hapo hataki, anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Baba yao ndiye wa kunishangaza. Hana hata hasira. Anatembea kitongojini kifua mbele kama kijana aliyepata mke, anawaambia watu mkutano ukifika yeye hataji mtu mpaka mgeni aonekane.

Nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mtafute mwanangu. Kama si huko kwenu, sijui ni wapi.

Getruda


Katesh
1 Septemba 2024

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Unadhani nilisahau. Sikusahau. Barua yako yenye neno damu ilifika, nikasubiri ya pili, haikuja. Nikahesabu mara ngapi umewahi kusema "si ya kutisha" na kikawa kitu cha kutisha. Nikapiga. Ningepiga tena. Umekwenda kliniki sasa? Zita ameniandikia kwa siri kwamba umekwenda mara mbili na baba yake akiwa amekushikia mwavuli. Basi nichukie, nami nitachukiwa nikiwa na amani.

Felician nimempata, au tuseme amenipata. Alianzia Balangdalalu. Huko alikuta kipande hakijalimwa, nyasi zimesimama hadi magotini, akafikiri kimesahauliwa. Sisi watu wa Nambis tukiona ardhi haina jembe tunaona imesahauliwa, maana kwetu hata pembeni mwa njia kuna maharage. Akaanza kulima. Kumbe lile tuta lililo katikati ni kaburi la mzee mkubwa wa Kibarbaig, wale wafugaji, na nyasi zile zinaachwa kwa heshima yake. Wanawake wao walikuja kundi zima na fimbo zao, wakakaa chini kumzunguka. Hawakumtukana, hawakumgusa. Walikaa tu, mpaka akaokota jembe. Mama mmoja aliyejua Kiswahili akamwambia kwamba wao walishahamishwa mara mbili, na hapo aliposimama ndipo walipobakiwa.

Akaja kwangu amepauka kwa vumbi. Analala sebuleni, mchana anabeba mawe ya ujenzi. Hakutaji. Nikikutaja anatoka nje. Ila jana aliniuliza kama wewe unakula vizuri, halafu akajifanya anatafuta kiatu.

Judica


Katesh
6 Oktoba 2024

Kwako mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Pole na uzito.

Nilikaa muda mrefu bila kuandika kwa sababu sikujua niandike nini. Sikukasirika kwamba una mimba, mama. Mimba ni ya Mungu na ya baba. Nilikasirika kwamba ulijua nabeba mawe kwa ajili ya shamba ambalo huenda si langu, na ukaniangalia nikiyabeba. Lakini hayo yamepita.

Nimepata mahali. Si kwa mama mdogo, ni pangu. Udongo ni mweusi, mpya kabisa, laini, jembe linazama lenyewe. Maji yako karibu. Majirani hakuna, pametulia. Watu wa hapa hawapataki, sijui kwa nini wanaogopa kazi. Nimeshasimamisha kibanda cha miti, nimekandika, bado bati. Mwambie Doris ajiandae, mwisho wa mwezi nitamfuata. Mama mdogo usimwambie kwa sasa, nataka nimshangaze.

Mwambie baba shamba alimalizie mwenyewe au amsubiri huyo anayekuja.

Mwanao,
Felician Alfredi


Nambis
13 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo nakusalimia kwa moyo wote, na ya nyuma nimeyatupa.

Felician amepata mahali! Aliniomba nisikwambie, lakini sisi tumeshaona mambo ya kufichana yanavyotufikisha. Anasema ni udongo mweusi mpya, maji karibu, majirani hakuna. Doris amefunga vyombo vyake ndani ya shuka, ameanza hata kuongea. Jana kanishika tumbo, Judica, mwenyewe, bila kuombwa. Akasema, "Anacheza." Nililia nikasingizia moshi.

Ukipata nafasi nenda ukaone hapo mahali, unisimulie. Ni upande gani wa mji? Mimi miguu imevimba, sifiki popote, nimebaki kuwaza tu. Usiku nageuka, mchana nageuka. Lakini kwa mara ya kwanza nawaza mema.

Getruda


Katesh
18 Oktoba 2024

Dada,

Usimruhusu Doris aje. Nimemwambia Gervasi hii asiichanganye na mizigo, akupe mkononi leo leo.

Udongo mweusi mpya, maji karibu, hakuna majirani. Nilipoyasoma hayo tu nilijua, nikaacha chai. Nilikwenda moja kwa moja Jorodom, kwenye korongo. Udongo ule ni mpya kwa sababu uliletwa na mlima Desemba. Majirani hawapo kwa sababu walikufa au walihamishwa. Mwanao amejenga katikati ya vigingi vyangu. Na kigingi kimoja, dada, amekitumia kuanikia shati.

Nilimfokea. Nilisema maneno mengi, mengine ya kwenye semina, ya mabadiliko ya tabianchi, ya mvua ambazo zamani zilikuja taratibu na sasa zinakuja zote kwa pamoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ina tope. Kisha akasema, "Sawa, mama mdogo. Nionyeshe pasipo na kigingi, nihamie leo."

Nilisimama pale. Nikaangalia huku na huku kama mtu aliyeulizwa njia katika mji wake mwenyewe. Huko juu ni hifadhi ya msitu. Huko chini ni malisho. Viwanja vya waliohamishwa ni vya walioandikwa, naye hakuandikwa kwa sababu siku mlima uliposhuka yeye alikuwa Nambis anajenga kingo. Sikuwa na pa kumwonyesha. Nimefanya kazi hii karibu mwaka mzima na sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu ninayemjua jina.

Nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitakivunja kibanda. Mvua zinaanza Novemba, na sitangoja kuona.

Samahani kwa Doris.

Judica


Nambis
24 Novemba 2024

Judica,

Nimejifungua tarehe tano, hospitali, kwa kisu. Damu ilitoka nyingi, walinipa ya watu wengine, nimerudi. Ulisema kweli kuhusu kliniki, nasema mara moja, usinirudishie maneno hayo.

Ni mvulana.

Daktari aliniuliza kama nifungwe kizazi wakati nimeshafunguliwa. Nikasema funga. Baba Vicent alikuwa nje na chupa ya uji, nilimwambia yalipokwisha. Akasema, "Basi huyu ndiye wa mwisho kweli." Kwa furaha, Judica. Hakujua anavyonichoma.

Felician alikuja siku ya tatu, na tope la huko bado liko kwenye viatu. Doris alikuwa amemshika mtoto. Hakumwachia upesi. Felician akampokea, akamwangalia sana, ana masikio ya baba yao huyu, yamesimama. Akamwambia, "Karibu nyumbani kwako." Halafu akamrudisha kwa Doris, akatoka, akarudi Katesh. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyelia mbele yangu. Nilibaki kitandani na mshono, siwezi hata kumkimbilia.

Uchaguzi ni Jumatano. Mkutano wa ardhi wamesema Januari. Usiniandikie habari za mkutano. Kuna jambo naliwaza na nikilisema nusu litaharibika.

Getruda


Katesh
15 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo, na hongera, na pole, vyote kwa pamoja. Sikuja kwa sababu tangu mwezi uanze tuko korongoni kila siku.

Kibanda nilikivunja siku ileile Felician alipokuwa kwako hospitali. Nilivunja mimi mwenyewe, sikumtuma mtu. Miti nilimpangia vizuri, aipate. Aliporudi aliikuta, akaniuliza kama nitakunywa naye chai. Nilitamani angevunja kitu changu na yeye.

Sasa sikiliza jambo linaloniudhi. Mvua imekuja, na ni ndogo. Maji yamepita pembeni kabisa. Kibanda kile kingesimama mpaka leo. Watu wananiuliza sokoni kama vigingi vyangu vinazaa. Nawajibu kwamba sijui mwaka kesho, na ni kweli sijui, ndiyo maana vipo. Lakini nikirudi nyumbani nikamwona kijana wa watu amekunja miguu kwenye kochi langu, sijisikii kuwa sahihi hata kidogo.

Juzi baba yake alimwita kwa simu, ameondoka, hakusema ni kwa nini. Na Gervasi kaniletea habari ambazo sizielewi. Anasema Doris ndiye anayembeba mtoto, anaogesha Doris, kanisani alimshika Doris, na wewe unakaa mbali nao kwenye benchi la wazee. Je, unaumwa? Mshono umeoza? Au mtoto humtaki? Hilo huwapata wanawake baada ya uzazi mgumu, dada, si aibu, kuna dawa. Niambie ukweli, la sivyo napiga simu, na unajua nitakavyosema.

Judica


Nambis
19 Januari 2025

Mdogo wangu Judica,

Tumsifu Yesu Kristo. Usipige simu. Siumwi, na mshono umekauka.

Mtoto namtaka. Nimezaa mara tisa, nimezika wawili, na sijawahi kumtaka mtoto kama huyu. Nianze na hilo ili usinielewe vibaya kwa yanayofuata.

Nilipokuwa hospitali nilimwona Doris alivyomshika, nikawaza. Wazee wetu wanasema kitinda mimba ni yule wa mwisho kulelewa kwenye jiko la mama yake. Mtoto akitolewa akapewa nyumba isiyo na mtoto, kama tulivyoona kwa mama yetu mkubwa, anakuwa wa jiko lile, na hakuna anayemhesabia mahali alipotoka. Basi nikimpa Doris mtoto huyu, yeye ni wa Felician na Doris, na Felician anarudi kuwa kitinda mimba wangu. Vicent hana la kuuliza, Nikolausi hana la kuuliza. Sheria ya kijiji haijavunjwa, na ya kwetu haijavunjwa.

Baba Vicent hakutaka. Alikaa bila kuongea nami tangu nilipomwambia mpaka Desemba. Alisema mimi nafanya watoto kuwa mbuzi wa kuhamishiwa zizi. Nikamwambia basi ataje mwenyewe yupi aende kulala kwenye tope la Jorodom. Akatoka, akazunguka shamba, akashika zile kingo moja moja, akarudi akapiga simu Katesh.

Felician naye alikataa. Alisema hawezi kuishi katika nyumba aliyoipata kwa kumnyang'anya mama yake mtoto. Maneno hayo aliyasema mbele ya Doris, na Doris alikuwa na mtoto mgongoni.  Alimfungua tu mtoto, akamweka mikononi mwa Felician, akaingia ndani, akakaa huko. Felician alibaki naye uani mpaka mtoto akalala. Hakukataa tena, na sikumwuliza.

Wazee walikuja, Baltazar na wenzake wawili. Pombe ilinywewa, wakambariki mtoto kwenye mlango wa Felician, si wangu. Wamemwita Sulle.

Mkutano ulikuwa jana. Kijiji kizima, kwenye uwanja wa shule. Nilikaa na wanawake, Doris mbele yangu kidogo. Walipofika kwenye jina la Baba Vicent, Alfredi, mtoto akaanza kulia njaa. Judica, maziwa yalinishuka palepale, kanga ikalowa mpaka tumboni. Wanawake wote waliokaa upande ule wakanigeukia. Wanajua, nani hajui, waliniona nikirudi na mtoto kutoka hospitali. Nikajifunga blanketi nikatazama mbele. Doris akamweka begani akampapasa, akasimama akatembea naye. Mwenyekiti akauliza ni nani atabaki. Baba Vicent akasimama, akavua kofia, akasema, "Felician, mtoto wangu wa mwisho." Wakaandika. Wakaenda kwa nyumba nyingine.

Namnyonyesha bado, usiogope. Doris anamleta jikoni kwangu, anasema, "Nenda kwa bibi." Akimaliza anamchukua. Ni mwema, hanyakui, anasubiri mpaka mtoto mwenyewe aachie.

Felician amerudi mtoni na mawe yake, anaimba tena. Nilidhani nikisikia hivyo nitalala. Silali. Kwa sababu kuna kitu ambacho wao kwa furaha hawajakiona, na mimi ndiye niliyekitengeneza. Mimi nimemtoa kitinda mimba wangu nikamfanya kifungua mimba wa Felician. Doris bado kijana. Tumbo lake likifunguka, na mara nyingi hufunguka nyumba ikishapata sauti ya mtoto, atazaa wengine, na wa mwisho wao ndiye atakayebaki hapa. Wakubwa hutoka. Sulle atakuwa mkubwa wao.

Ukija, kumbuka kunisalimia mimi kama bibi yake mbele za watu, usikosee. Na wewe unayetembea wilaya nzima na vigingi vyako, anza kuangalia tangu sasa. Popote utakapoona pasipo na kigingi, wala kaburi la mtu, wala malisho ya mtu, niandikie. Nina mjukuu atakayehitaji mahali.

Dada yako,
Getruda